Neno Moja Katika Kumbukumbu za Kikao

Sisi tuandikao ukurasa huu wa juma hili ni wanafunzi wawili wa chuo kikuu kimoja cha umma hapa nchini, mmoja mzaliwa wa Lamu na mwingine wa Kwale. Wa Lamu anaandika tasnifu ya uzamivu katika fasihi, juu ya tenzi zilizobaki katika hati za kale majumbani mwa watu. Wa Kwale ni wa uzamili katika sayansi ya bahari, na utafiti wake ni juu ya kilimo cha mwani kule Kibuyuni, ambako akina mama hufuata maji yanapokupwa ili wakafunge mbegu kwenye kamba. Tulikutana chuoni, tukawa wenzi wa chumba, kisha kwa mwaka mzima tukakaa pamoja katika Bodi ya Ushauri ya masomo ya uzamili. Habari ya bodi hiyo ndiyo tuliyoombwa tuieleze, na tumeona tuieleze pamoja na sehemu isiyotupendeza.

Kwanza tufahamishane. Kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, chuo kikuu cha umma hutawaliwa na Baraza, na mambo ya taaluma huamuliwa na Seneti. Chini yao zimo kamati na bodi nyingi, kila chuo na mpango wake. Bodi yetu haikuwa na uwezo wa kuamua lolote. Ilikuwa ikishauri, na ushauri wake ukipanda ngazi hadi Seneti. Wanafunzi walipewa viti viwili: kimoja cha uzamili na kimoja cha uzamivu. Tulikuwa na haki ya kusema. Haki ya kupiga kura hatukuwa nayo.

Wako watakaosema kwamba hilo ni dogo. Lakini tumesoma kwamba kule Bologna, Italia, katika karne za kati, wanafunzi wenyewe ndio walioungana wakaunda chama chao, wakachagua rekta wao, na mwalimu aliyechelewa kuanza darasa alitozwa faini. Paris ilikuwa kinyume: chama kilikuwa cha walimu, na mwanafunzi alikuwa wa kufunzwa tu. Vyuo vyetu vya Afrika Mashariki vilikulia chini ya mkono wa Chuo Kikuu cha London, na hata chuo cha Nairobi, kabla ya kusimama peke yake mwaka 1970, kilipata kutoa shahada za London. Hatujui kisa cha mwanafunzi wa huku aliyemtoza mwalimu wake faini. Kwa hiyo viti viwili, hata visivyo na kura, tulivipokea kwa furaha, na mama yake mmoja wetu aliwaambia majirani kwamba mwanawe sasa anakaa na maprofesa.

Vikao vitatu vya mwanzo vilipita kwa raha. Tulizungumzia saa za kufungwa maktaba, taa zilizoungua katika ukumbi wa kusomea, na mtambo wa kuchapisha ambao kila mtu aliulalamikia na hakuna aliyejua uko chini ya ofisi gani. Tuliitwa kwa heshima, tukaletewa chai, tukasikilizwa. Moja ya taa hizo ilibadilishwa. Tulirudi chumbani tukijiona watu wa maana.

Kikao cha nne kilikuwa cha Ramadhani. Kiliwekwa saa kumi za jioni, wakati ambao akili ya mfungaji imeshatangulia nyumbani, na waraka wa kikao tulikabidhiwa mlangoni tunapoingia. Ajenda ya tano ilikuwa nyongeza ya karo ya kuendelea, yaani fedha anazotozwa kila muhula mwanafunzi aliyepitisha muda uliowekwa bila ya kumaliza tasnifu yake. Sababu iliyoandikwa ni kuwahimiza wanafunzi wamalize mapema. Mwenyekiti alisoma, akauliza kama kuna mwenye neno. Wahadhiri wawili waliuliza juu ya tarehe ya kuanza. Kisha akatugeukia sisi, akasema kwa upole, “Na wawakilishi wetu?”

Hatukusema kitu. Tumejiuliza mara nyingi kwa nini. Mmoja wetu anasema alikuwa bado yuko ukurasa wa pili wa waraka. Mwingine anakiri kwamba msimamizi wake alikuwa ameketi viti vitatu kutoka kwake, na sura yake ya tatu ilikuwa mezani kwa msimamizi huyo ikisubiri kusomwa. Hizo ni sababu za kweli, wala hatuziiti udhuru. Mwenyekiti alingoja kidogo, akaingia ajenda ya sita.

Kumbukumbu za kikao zilitoka baada ya Idi. Katika ajenda ya tano paliandikwa kwamba nyongeza ilijadiliwa na kwamba wawakilishi wa wanafunzi waliafiki.

Aliyetufungulia macho ni mama mmoja ambaye hapa tutamwita Bi Mwalimu. Anafundisha shule ya upili, ana watoto watatu, na husoma uzamili kwa fedha za mshahara wake. Chuoni huja siku za likizo kwa basi la usiku. Tulimkuta kwenye kibaraza cha msikiti wa chuo baada ya adhuhuri, viatu mkononi, akatuita. Alitoa simu yake akatuonyesha barua pepe moja baada ya nyingine. Sura yake ya nne aliiwasilisha mwezi wa Februari. Aliandika kuulizia mwezi wa Aprili, akaandika tena Juni, na tena Agosti. Ilirudi Novemba, ikiwa na masahihisho ya mistari sita. Kwa miezi hiyo yote alikuwa hana la kufanya ila kungoja, na ankara ya karo ya kuendelea ilikuwa ikimfikia kila muhula unapoanza. Sasa ilimfikia yenye nyongeza, na mtu wa ofisi ya fedha alikuwa amemwambia kwamba wanafunzi wenyewe walikubali.

Hakupandisha sauti. Alituuliza tu, “Wanangu, nyinyi mlikuwepo?”

Tukamwambia tulikuwepo.

“Basi,” akasema, akavaa viatu vyake.

Laiti angetutukana. Usiku ule hatukuzungumza sana, na siku ya pili tukanunua daftari. Lilikuwa daftari la kawaida la kurasa mia mbili, lenye jalada gumu, nasi tukalichora mistari ya safu tatu: tarehe ya kuwasilisha sura, tarehe ya kurudishiwa, na nani anayesubiriwa. Jina la mwanafunzi halikuandikwa, wala la msimamizi. Tulizunguka nalo maktaba, mkahawani, na katika mabweni ya wanafunzi wa uzamili. Baadhi yao waliogopa hata mwandiko wao usije ukajulikana, basi wakawa wanatusomea tarehe na sisi tunaandika. Mtu mzima mwenye shahada mbili akikunong'oneza tarehe kama anayetoa siri ya nyumba, ndipo unapofahamu woga umeingia wapi.

Tulikuwa tumeshajua, au tulidhani tumejua, daftari litasema nini. Halikusema tulivyodhani. Sehemu kubwa ya mistari ilionyesha sura zilizolala mezani kwa wasimamizi, miezi minne, saba, kumi. Lakini kila tulipofungua ukurasa tuliiona na mistari mingine, ambayo safu ya tatu ilisema “mwanafunzi”. Sura ilisharudi, masahihisho yalishaandikwa, na mwenye tasnifu hakuonekana tena: huyu alipata kazi, huyu alijifungua, huyu alikata tamaa akaona haya kusema.

Na mmoja wa mistari hiyo ulikuwa wetu. Wa Lamu alikuwa amekaa na masahihisho ya sura yake ya pili kwa miezi saba. Baba yake aliugua, akaenda kumuuguza, na alipopona baba, masahihisho yalikuwa yamegeuka mlima machoni mwake. Je, mstari huo uandikwe? Tulibishana hadi wali ukapoa. Wa Kwale aliona kwamba daftari ni la kuwatetea wanafunzi, na kwamba anayekwenda kushitaki hapeleki ushahidi wa upande wa pili. Wa Lamu aliona kwamba kama tutachagua mistari, basi na sisi tutakuwa tunaandika “waliafiki” mahali ambapo hakuna aliyeafiki. Hatimaye tuliuandika, pamoja na mingine yote ya aina yake. Hatusemi kwamba tuliuandika kwa moyo mweupe. Wa Kwale alinuna siku mbili.

Kikao kilichofuata tuliomba nafasi mapema, kwa barua, na nakala za jedwali tukazigawa siku tano kabla. Tuliomba mambo mawili. La kwanza, neno “waliafiki” lirekebishwe, kwa kuwa halikuwa kweli. La pili, bodi iishauri Seneti kwamba karo ya kuendelea isihesabiwe kwa muda ambao sura iko mikononi mwa msimamizi kupita siku thelathini.

Mhadhiri mmoja alikasirika. Aliuliza ni nani aliyetutuma kuwapeleleza walimu wetu, na kama tunajua mhadhiri anabeba mzigo gani: madarasa ya shahada ya kwanza yenye mamia ya wanafunzi, mitihani ya kusahihisha, malipo ya ziada yanayocheleweshwa, na juu ya hayo tasnifu zinazoletwa mbichi, hazijasomwa hata na mwenyewe aliyeziandika. Tulimjibu kwamba mengi aliyoyasema ni kweli, na kwamba jedwali halimtaji mtu. Sauti ya aliyejibu ilitetemeka. Tulikuwa tumekubaliana nani aanze, na tulikuwa tumeandika tutakayosema, lakini karatasi haimshiki mtu magoti.

Hapo akasema profesa mmoja mzee, ambaye katika vikao vyote hivyo hatukuwahi kumsikia akisema zaidi ya maneno kumi. Alikuwa ameshika jedwali karibu na macho. “Mstari wa tisa ni wangu,” akasema. “Tarehe ni sahihi.” Akageuza karatasi. “Na huu wa kumi na saba nadhani ni wa mwanafunzi wangu mwingine. Huyo nilimrudishia mapema, naye hajarudi. Nilikuwa nikidhani ameacha masomo. Ningependa kujua kama yu mzima.”

Chumba kilinyamaza. Tangu hapo mazungumzo hayakuwa tena ya walimu na wanafunzi. Mwingine alisema kwamba hana njia ya kujua sura ipi imemkalia muda gani, kwa kuwa zote huja kwa barua pepe na kuzama humo. Mwingine akauliza kwa nini idara isiwe na daftari kama hili. Yule aliyekasirika hakusema tena, lakini alilikunja jedwali akalitia mfukoni, na hilo tuliliona.

Sasa matokeo, tusije tukawapa wasomaji picha nzuri kuliko ilivyo. Nyongeza ya karo haikuondolewa. Ushauri juu ya siku thelathini ulikubaliwa na bodi, ukapelekwa Seneti, na tunapoandika haya bado uko njiani. Tumeambiwa kamati ya fedha nayo lazima iutazame. Muda wetu katika bodi umekwisha. Lililopatikana papo hapo ni neno moja. Mwenyekiti alisita kwanza, akisema kumbukumbu za nyuma zilishatiwa saini, lakini katibu alisema kwamba marekebisho huingizwa katika kumbukumbu za kikao kinachofuata, ndivyo utaratibu ulivyo. Mahali pa “waliafiki” sasa pamesahihishwa: “hawakutoa maoni”. Si sifa kwetu, kama mnavyoona. Ni maandishi rasmi ya kwamba tulinyamaza.

Yule mwanafunzi wa mstari wa kumi na saba tulimtafuta. Yu mzima, anaishi Malindi, na alishangaa kwamba kuna aliyemuulizia.

Bi Mwalimu tulimpigia simu siku ile ile, lakini tulitaka kumwona kwa macho. Alipokuja likizo ya Agosti tulimngojea kituo cha basi alfajiri, tukamweleza yote tukiwa tumekaa kwenye benchi, yeye na begi lake magotini. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Na zile nilizokwisha kulipa?”

Tukamwambia hatukupata ahadi yoyote juu ya hizo.

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Kisha akauliza kama daftari tunalo. Lilikuwa mkobani, kwa kuwa siku hiyo tulikuwa twende kuwakabidhi wawakilishi wapya. Akaliomba pamoja na kalamu, akatafuta mstari usio na kitu, akaandika sura ya tano na tarehe ya siku ile, kwa mwandiko wake mwenyewe wa mwalimu, mkubwa na ulionyooka. Safu ya pili akaiacha tupu. Akatuuliza ofisi ya idara hufunguliwa saa ngapi.