Nyayo za Fahali: Maswali Manne ya Fundi wa Lodwar

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Katika insha hii ninakusudia kumsimulia msomaji namna nilivyoyaona mawingu, nikayapuuza, na mvua ikaninyeshea mbali na kwetu. Aidha, ninakusudia kuonyesha kwamba fundi wa tarakilishi ana jambo la kutufunza sisi wanafunzi wa Kiswahili, kwa kazi yake na kwa lugha yake.

Mnamo Februari 2023 nilikuwa Kataboi, kijiji cha wavuvi kilichoko kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kalokol. Nilikwenda kukusanya fasihi simulizi ya Waturkana kwa ajili ya tasnifu yangu. Kisa nilichokitafuta zaidi ni kile cha Nayece. Husimuliwa kwamba vijana wa Kijie, kutoka upande wa Uganda ya leo, walimpoteza fahali wa kijivu aitwaye Engiro. Waliziandama nyayo zake hadi bonde la mto Tarach, na huko wakamkuta Nayece, mwanamke aliyekuwa akiishi kwa kuchuma matunda ya mwitu. Baadhi ya Wajie waliposikia habari za nchi ile walihamia huko, na hao ndio wanaotajwa kuwa chimbuko la Waturkana. Mzee mmoja wa Kataboi alinisimulia kisa hicho jioni nzima. Nilikirekodi, nikakihifadhi katika kipakatalishi changu pamoja na masimulizi mengine thelathini. Nakala nyingine sikuwa nayo.

Mawingu yalianza siku ya tatu. Mashine ilizimika yenyewe baada ya kama saa moja. Nikaiacha ikapoa, nikaiwasha, ikafanya kazi. Kesho yake ikazimika baada ya nusu saa, na keshokutwa baada ya dakika kumi. Nami kwa ujinga wangu niliendelea kuandika nikiwa nimeiweka juu ya godoro, matundu yake ya hewa yakiwa yamezibwa na blanketi. Watengenezaji wengi huandika kwamba kipakatalishi kitumiwe mahali ambapo joto halizidi nyuzi 35 za Selsiasi. Huko Turkana, adhuhuri huupita mpaka huo mara nyingi. Mashine ilikuwa ikijizima ili isiungue, nami nikaiona kama mtoto mkaidi.

Hatimaye, asubuhi moja baada ya safari ya pikipiki kwenda Kalokol na kurudi, nilibonyeza kitufe cha kuwashia. Taa iliwaka, feni ikavuma, lakini skrini ilibaki nyeusi kama chungu. Nilibonyeza tena na tena, labda mara ishirini. Usiku ule sikulala. Siku mbili baadaye nilikuwa Lodwar, mbele ya meza ya fundi mmoja kijana.

Nilidhani atachukua bisibisi mara moja. Hakufanya hivyo. Aliniuliza ilianza kuugua lini, ilikuwa wapi, na nilifanya nini kabla haijagoma. Kisha akasema, "Mwalimu, mashine yoyote naiuliza maswali manne, na sirukii la pili kabla ya kujibiwa la kwanza. Moto unaingia? Inapumua? Inaona? Inakumbuka?"

Swali la kwanza lahusu umeme, ambao mafundi huuita moto. Alichomeka chaja ya simu katika soketi ile ile ili kuhakikisha soketi ni nzima. Akaipima chaja yangu kwa kipimo cha volti. Akatoa betri, akakishikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha akajaribu kwa chaja peke yake. Alinieleza kwamba tarakilishi nyingi za mezani zinazoletwa kwake zikidaiwa kufa huwa na waya uliolegea tu, au swichi ya nyuma iliyozimwa. Hata hivyo alionya kuwa kile kisanduku cha umeme kilicho ndani yake kisifunguliwe na asiyejua, kwa maana huhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Swali la pili lahusu ubaridi. Alifungua mfuniko wa chini, akanionyesha feni. Kati ya feni na mapezi ya shaba palikuwa na tabaka la vumbi lililoshikamana kama kitambaa. Aliizuia feni kwa kijiti ili isizunguke ovyo, akalitoa vumbi kwa brashi laini. Akafuta ile dawa iliyokauka juu ya prosesa, ambayo kazi yake ni kupitisha joto, akapaka nyingine kidogo. "Ilikuwa inakosa pumzi," alisema.

Swali la tatu lahusu skrini. Alimulika kioo kwa tochi kutoka upande. Ingeonekana picha hafifu, basi kasoro ingekuwa taa ya nyuma ya kioo tu. Haikuonekana. Akaunganisha skrini nyingine kwa waya, nayo ikabaki nyeusi. Kwa hiyo macho hayakuwa na kosa, na tungeweza kuendelea.

Swali la nne lahusu kumbukumbu. Kabla ya kugusa chochote alishika nguzo ya chuma, kwa kuwa katika hewa kavu mwili wa mtu hubeba umeme tuli uwezao kuua kibao kidogo bila cheche kuonekana. Alivitoa vibao viwili vya kumbukumbu, akasugua meno yao ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, akarudisha kimoja, akawasha, kisha cha pili. Kimoja kilikuwa kimechomoka upande mmoja kwa mitikisiko ya njia. Skrini ikawaka. Nilitaka kumkumbatia.

Lakini yeye aliinamisha sikio. Ndani mlisikika mlio mdogo, tik, tik, tik. "Hiyo ni diski kuu," alisema. "Usifungue chochote, mwalimu. Nakili sasa hivi, uanze na kile usichoweza kukipata tena."

Hapa ndipo nilipokosea. Kwa haraka yangu nilinakili mkoba mzima kama ulivyo, nao ukaanza na picha za ziwa na mitumbwi. Rekodi ishirini na saba zilipita. Kisha mlio ukanyamaza, na diski haikusomeka tena. Masimulizi manne yalibaki ndani, na mojawapo lilikuwa la Nayece.

Nilikwenda hadi Kakuma, takriban kilomita 120 kutoka Lodwar, kwa kuwa niliambiwa kuna fundi hodari miongoni mwa wakimbizi. Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1992, nayo iko kando ya Tarach ile ile ya Engiro. Fundi huyo, mzaliwa wa Kongo, aliniuliza kwa Kiswahili cha kwao maswali yanayokaribiana sana na yale ya Lodwar, kwa mpangilio huo huo. Alisikiliza, akatikisa kichwa. Diski ya namna ile, alieleza, hufunguliwa katika chumba kisicho na vumbi hata chembe, na vumbi lilikuwa limejaa kote tulipoketi. Alikataa malipo yangu.

Niliporudi Kataboi mzee alikuwa amehama na mbuzi wake. Misimu mitano ya mvua ilikuwa imekosekana mfululizo kaskazini mwa Kenya, na malisho yalikuwa mbali. Nilimpata Julai. Alikubali kusimulia upya, lakini safari hii hakuimba wimbo aliouimba mara ya kwanza. Nilipomuuliza kupitia kwa mkalimani, alisema kuwa siku ile kulikuwa na watu wa kuuitikia. Sisi tunaosoma fasihi simulizi hufundishwa kwamba kila utendaji ni wa pekee. Mimi nililielewa fundisho hilo siku hiyo.

Nimeyatafakari haya kwa muda mrefu. Fundi yule alitenda kama wale vijana wa Kijie. Hakukimbilia kumkamata fahali, bali alisoma wayo mmoja, akahakikisha ni wake, ndipo akauendea wa pili. Mimi niliyebonyeza kitufe mara ishirini sikuwa nikifuata nyayo bali nilikuwa nikizifuta.

Kuna na suala la lugha. Wasomi wetu wamebishana kwa miaka kuhusu kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu ya Jambo OpenOffice, iliyotumia Kiswahili katika orodha na amri zake. Hizo ni kazi za kusifiwa. Hata hivyo, istilahi nyingi tulizoziunda ni majina ya vitu. Mashine inapougua twahitaji vitenzi, na vitenzi hivyo tayari vinatumika katika vibanda vya Lodwar na Kakuma: kukosa pumzi, kuona, kukumbuka, kuingiza moto. Mzungumzaji yeyote wa Kiswahili huvielewa bila kamusi, navyo humwongoza kwenye kasoro yenyewe.

Ninapendekeza kwamba wanachama wetu, watakapokwenda nyanjani likizo ijayo, wapite pia kwa mafundi na kuyanukuu maneno yao. Kabla ya kuondoka wasafishe feni za mashine zao. Na wakirekodi jambo jioni, walinakili mahali pawili kabla ya kulala, wakianza na sauti za wazee.