Maji Ndani ya Upepo

Mwaka 1983 niliajiriwa kuwa fita msaidizi katika kiwanda kimoja cha nguo mjini Arusha, nikapangiwa chumba ambacho wenzangu wote walikuwa wakikikwepa. Kilikuwa nyuma ya karakana, na ndani yake zilinguruma kompresa mbili za pistoni ambazo kelele zake zilikufuata hadi kitandani. Nilikuwa nimetoka Chuo cha Ufundi Arusha, kile kilichofunguliwa 1978 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, nikitamani kupangwa kwenye mashine za kufuma. Fomani wetu, mzee wa Kipare kutoka Usangi, aliitikia shikamoo yangu bila kuinua kichwa, kisha akasema, "Wewe kijana utaniangalizia upepo."

Nimeuangalia tangu hapo. Kwanza katika viwanda vya umma, vile vilivyoota Themi na Unga Limited baada ya Azimio la Arusha. Halafu vya watu binafsi, serikali ilipoanza kuuza mashirika yake miaka ya 1990. Na sasa ni fundi wa kuitwa, mwenye gari kuukuu na sanduku la spana. Katika miaka yote hiyo nimepigania jambo moja: upepo ufike kwenye mashine ukiwa mkavu. Mengine yote, kuanzia presha hadi oili na mikanda, hayajawahi kuninyima usingizi.

Wengi, wakiwamo mameneja wenye shahada, huamini kwamba maji yanayotoka kwenye bomba la upepo yametengenezwa na kompresa, au yamevuja kutoka mahali. Hayakuvuja popote. Yaliingia pamoja na hewa. Hewa yenye nyuzi joto 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Chukua kompresa inayovuta mita za ujazo 10 kwa dakika, siku ya masika ambayo unyevu umefika asilimia 80. Kwa saa moja imemeza zaidi ya lita nane za maji. Ikishindilia hewa hiyo hadi bar 7, hewa inatoka na joto la nyuzi 80 au zaidi, na kwa joto hilo inayabeba maji yake yote bila taabu. Ikipoa hadi nyuzi 30 haiyawezi tena, na lita sita hivi zinadondoka kila saa. Kiwanda cha zamu tatu kinakusanya karibu lita 150 kwa siku, yaani madumu saba ya lita 20 na ushee. Kama humwoni mtu akiyatoa maji hayo, jua yamekwenda kwenye mashine.

Na hizo ni zile lita sita zilizokubali kudondoka mapema. Lita mbili zilizobaki zinaendelea na safari zikiwa mvuke, zikisubiri mahali penye baridi zaidi.

Mahali hapo Arusha inapo. Mtu wa Dar es Salaam anayelalamikia jasho la bandarini hajui usiku wa Julai chini ya Mlima Meru, ukungu umeshuka hadi Sekei na kipimajoto kinasoma nyuzi 11. Pale kiwandani bomba kuu la upepo lilitoka chumba cha kompresa, likapita nje juu ya uwanja, likaingia jengo la kufuma. Mchana jua lililipasha moto na mambo yakaenda. Usiku baridi iliyakamua maji katikati ya njia, baada ya tenki na filta zote, mahali ambapo hapakuwa na koki ya kuyatolea. Saa kumi alfajiri simu ya ndani inalia: silinda za mashine zinasuasua, valvu zinakwama, nguo ina madoa ya kutu. Ukifika saa nne asubuhi na jua limechomoza, huoni kitu. Mhandisi mmoja aliyeletwa kutoka makao makuu alikuja mchana, akakagua, akaandika kwamba mfumo ni mzima.

Fomani hakuwa na mashine ya kukausha. Fedha za kigeni zilikuwa zimekauka baada ya vita vya Kagera, na hata mkanda wa kompresa uliombewa kibali. Alichokuwa nacho ni mteremko. Alinifundisha kulaza bomba liiname kidogo kuelekea upepo unakokwenda, sentimita moja au mbili kila mita, ili maji yatembee yenyewe hadi kwenye mguu wa bomba ulioshuka chini wenye koki. Alinifundisha kwamba tawi la kwenda kwenye mashine hutolewa juu ya mgongo wa bomba kuu, likazungushwa, ndipo likashuka. Ukilitoa tumboni umeyafungulia maji mlango. Maungio tuliyafunga kwa nyuzi za katani zilizopakwa rangi, katani ya mashamba yetu wenyewe, na baadhi ya maungio hayo niliyakuta hayavuji miaka mingi baadaye. Ile tepu nyeupe ya siku hizi sijaiona ikidumu hivyo, ingawa vijana hunicheka nikisema.

Kwenye kabati za vifaa vya kupimia tulikuwa na chupa chache za punje za silika, zile za buluu zinazogeuka waridi zikishiba maji. Nchi za wenzetu hutupa na kununua nyingine. Sisi tulizibeba kwenye trei hadi kantini baada ya chakula cha mchana, tukamwomba mama mpishi atuachie oveni. Kwa nyuzi joto 120 hivi na subira, zinarudi buluu. Mama yule alizoea akawa anatuuliza, "Baba, mboga zenu leo zimeiva?"

Mwinuko wa mji wetu nao una neno lake. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi: presha yake ni kama asilimia 85 ya ile ya Tanga. Kompresa inameza ujazo uleule lakini hewa yenyewe ni kidogo, kwa hiyo mashine iliyotosha pwani hapa inahema. Nimeona wauzaji wakisoma kibao cha kiwandani, kilichopimwa usawa wa bahari, wakaahidi upepo ambao Arusha haiwezi kuutoa. Mnunuzi akikasirika, anauziwa kubwa zaidi.

Hapo ndipo ugomvi wangu na mameneja ulipo.

Miaka ya 2000 niliitwa kwenye kiwanda cha kuchambua maharage ya kupeleka nje, upande wa barabara ya Moshi. Walikuwa na mashine ya kuchambua kwa rangi. Ni chombo cha kupendeza kukitazama: maharage yanateremka kwenye mifereji, kamera inayaangalia yakiwa hewani, na likionekana moja bovu, tundu dogo linapiga pumzi ya upepo, pf!, na hilo moja tu linarushwa pembeni huku wenzake wakipita. Valvu za matundu hayo hufunguka na kufunga mara nyingi kwa sekunde moja. Zinataka upepo mkavu na safi kabisa.

Dada aliyesimamia ubora alinipeleka moja kwa moja kwenye mfuko wa maharage yaliyokwisha kuchambuliwa, akachota konzi akaitandaza mezani. Mabovu yalikuwamo. Akageuza mengine, akanionyesha nukta za unyevu zilizokaukia vumbi. "Fundi, wanasema kamera imezeeka," aliniambia, "lakini kamera haitemi mate." Nilimpenda pale pale. Nilishika kitambaa cheupe, nikafungua koki ya mwisho kabla ya mashine, nikakishikilia mbele yake. Kitambaa kilitoka kikiwa na duara la maji, na katikati ya duara ukungu wa oili wa rangi ya chai ya maziwa.

Chumba cha kompresa kilinieleza yaliyobaki. Miezi michache kabla, presha ilikuwa ikishuka kwenye mashine, meneja akanunua kompresa mpya ya skrubu, kubwa zaidi ya mara tatu ya ile ya zamani. Presha ilishuka kwa sababu nyingine kabisa: bomba la nusu inchi lilikuwa likilisha jengo zima, na maungio yalipiga miluzi kila kona. Tundu moja la milimita 3 kwa bar 7 hutoa lita 10 hivi za hewa kila sekunde, na kulilisha kunakula karibu kilowati nne za umeme, usiku na mchana, hata siku ya Idi. Pale palikuwa na matundu ya kutosha.

Sasa lile dude jipya lilifanya kazi dakika moja na kupumzika dakika kadhaa. Mwenye mali anafurahi, anadhani mashine haichoki. Lakini kompresa ya skrubu inahitaji kuchemka ifike nyuzi 80 hivi na kubaki hapo, ili maji yaliyoingia na hewa yabaki mvuke na kutoka. Ikishtuka kidogo na kuzimika, tena Juni, tena Arusha, oili haipati joto. Maji yanabaki humo humo, oili inageuka maziwa, na beringi zinaanza kutafunwa. Kompresa kubwa kupita kiasi hujitengenezea ugonjwa ambao ndogo isingeupata. Miaka ya mgao wa umeme, 2006 hasa, niliona jambo hilo katika viwanda vingi: umeme unakatika kabla mashine haijapata moto, jenereta inawashwa kwa saa mbili, inazimwa. Oili iliyoandikwa saa 4,000 nilikuwa naimwaga haijafika robo.

Draya walikuwa nayo, ya jokofu, ile inayopooza upepo hadi nyuzi 3 ili maji yaangukie humo. Kwa maharage hiyo inatosha. Ndiyo daraja la nne la maji katika kiwango cha kimataifa cha ISO 8573. Usiku wa Arusha haufiki nyuzi 3, kwa hiyo draya ikifanya kazi yake hakuna bomba litakalotoa maji tena. Ila hiyo yao ilisukumwa kona yenye joto, nyuma ya kompresa, na mapezi yake ya kupoozea yalivikwa blanketi la vumbi la maganda. Ilikuwa imewaka taa ya kijani. Taa ya kijani kwenye draya inasema umeme upo, basi.

Chini ya tenki koki ya kutolea maji ilikuwa ya kujiendesha, imezibwa na tope la kutu na oili. Mlinzi mmoja, aliyekuwa na akili kuliko sisi sote, alikuwa ameipita kwa koki ya mkono na kuifunga kwa waya ibaki wazi kidogo. Maji yalitoka. Na upepo ulitoka nao, fedha za watu zikipuliza majani mchana kutwa. Sikumgombeza. Nilimwambia meneja kwamba huyo ndiye mtu pekee kiwandani aliyekuwa amelitazama hilo tenki.

Tenki lenyewe ni kitu cha kuheshimu. Maji yakilala chini yake, kutu inakula chuma kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki na rangi ya nje inang'aa. Tangu sheria ya usalama na afya kazini ya 2003, wakaguzi wa OSHA huja na cheti chao, na vizuri waje. Tunalipima kwa kulijaza maji na kulisukuma zaidi ya presha yake ya kazi. Vijana huuliza kwa nini tusitumie upepo wenyewe kwa kuwa upo. Maji hayabanwi, chuma kikipasuka yanamwagika na mchezo umekwisha. Hewa iliyobanwa ikipata upenyo inalipuka na kutawanya vipande vya chuma. Kwa sababu hiyohiyo humfukuza karakanani mtu yeyote ninayemkuta akijipuliza vumbi nguoni kwa bomba la upepo, na simwombi radhi hata akiwa ni mtoto wa mwenye kiwanda.

Siku hizi kazi zangu nyingi nazifanya Jumapili, mashine zikiwa zimelala. Naomba kompresa iwashwe peke yake, mashine zote zizimwe, kisha nasimama na saa. Kwa kuwa hakuna anayetumia upepo, kila dakika ambayo kompresa inasukuma mzigo ni dakika ya kulisha matundu. Halafu natembea na ndoo ya maji ya sabuni na brashi, kijana wangu akiwa nyuma na chaki. Juzi tulifanya hivyo kwenye kiwanda kimoja Njiro. Mwenye nacho, mama mmoja makini, alitufuata muda wote akiwa amejifunga kitenge juu ya nguo za kanisani, akihesabu alama za chaki kwa sauti. Tulipofika mwisho wa bomba aliacha kuhesabu.

"Sasa fundi, nimeletewa bei ya kompresa mpya kutoka Nairobi. Ninunue, nisinunue?"

"Mama, kwanza ninunulie koki nne za kutolea maji, bomba la inchi mbili la kutosha ukuta ule wote, na ngazi ndefu, hii yako inatikisika. Hiyo bei ya Nairobi tuiangalie tena mwezi wa saba, usiku."

Aliniuliza kwa nini usiku. Kijana wangu alikuwa amekwisha kupanda kwenye bomba la juu ya uwanja, akipima mteremko kwa pimamaji.

"Linainama kurudi kwa kompresa, mzee," alipaza sauti. "Lote."

Mama akaniuliza hiyo maana yake nini, na nikamwomba kiti, kwa sababu maelezo yake ni marefu.