Weusi wa Kuta za Kilwa

Boti ilitushusha Kilwa Kisiwani saa nne kasoro asubuhi, maji yakipwa. Kutoka Kilwa Masoko ni mwendo mfupi, kama kilomita 2 tu, lakini mpwa wangu alikuwa ameshajipaka mafuta mara mbili. Ana ualbino. Kofia pana, mikono mirefu hadi viganjani, na tyubu ya mafuta ya kujikinga na jua mfukoni, mahali ambapo wenzake huweka simu.

Mzee wa kututembeza alikuwa anatungoja chini ya mti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni." Akamtazama binti, akasema tuanze na Msikiti Mkuu kwa sababu ndani kuna kivuli. Nikampenda hapo hapo.

Kila anayeandika habari za Kilwa humtaja Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331, na dhahabu ya Sofala. Mimi kilichonishika ni weusi. Msikiti ule ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vyeupe pe, lakini pale jua na mvua vinapofika kwa zamu ukuta ni mweusi kama kitako cha sufuria ya kuni. Michirizi inashuka kutoka juu mithili ya wanja uliolowa machozi.

"Moshi huo, babu?" mpwa wangu akauliza.

"Hapana, mama. Kuvu hiyo. Ukiisugua, mvua zikinyesha inarudi."

Si kuvu hasa, ingawa mzee hakukosea sana. Weusi wa namna hii kwenye mawe ya chokaa, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya sianobakteria, viumbe wasioonekana kwa jicho mmoja mmoja, wanaojipikia chakula kwa mwanga kama yafanyavyo majani. Ndio walioitia hewa ya dunia oksijeni, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Kabla ya hapo hakukuwa na tabaka la ozoni la kupunguza ukali wa jua, nao walikuwa wanaishi na jua hilo hilo. Ikabidi wajitafutie mwavuli.

Mwavuli wenyewe tuliuona nyuma ya msikiti. Mzee aliokota chini kitu chembamba, cheusi, kikavu, ungedhani karatasi iliyoungua. Nilikitambua: nostoki, ukoo mmojawapo wa sianobakteria. Nikakiweka kwenye kifuniko cha chupa na kumimina maji. Tukakaa kivulini tukizungumza bei ya pweza. Baada ya nusu saa hivi kilikuwa kimefura, laini kama ncha ya sikio, rangi ya zeituni. Mpwa wangu akakiinua juani kwa vidole viwili, na mwanga ukapenya ukiwa na rangi ya chai ya rangi.

Kahawia ile inaitwa skitonemini. Carl Nägeli, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, aliichunguza tangu karne ya 19, lakini muundo wake wa kikemia haukujulikana hadi 1993. Inaweza kuzuia hadi asilimia 90 ya mionzi ya urujuanimno ya aina ya A isimfikie kiumbe. Tena haikai ndani ya chembe yake, kama melanini inavyokaa katika ngozi yangu. Inakaa kwenye ala inayoizunguka chembe kwa nje.

"Kumbe nao wanavaa mikono mirefu," akasema mpwa wangu.

Sikuwa na la kuongeza.

Wana kinga nyingine isiyo na rangi, jamii ya mikosporini, inayonasa mionzi ya kati ya nanomita 310 na 360 hivi. Mojawapo ni shinorini. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walitambua jeni zinazoitengeneza, na tangu hapo imewezekana kuzipandikiza kwenye vijidudu vingine vinavyofugwa kwa urahisi. Hamu ya kupata mafuta ya namna hii ni kubwa, maana baadhi ya kemikali za mafuta ya kawaida zinashukiwa kudhuru matumbawe. Hawaii ilipiga marufuku uuzaji wa mbili, oksibenzoni na oktinoksati, kuanzia 2021. Na sisi tuliojenga miji kwa matumbawe tuna sababu ya kusikiliza.

Ila nisimtie mtu tamaa. Skitonemini haiyeyuki katika maji, inapaka kahawia, na baadhi ya sianobakteria hutoa sumu. Usije ukakwangua ukuta wa Kilwa ukajipaka ukidhani ni liwa ya bibi. Ukuta wenyewe ni urithi wa dunia tangu 1981, na umeshachakaa vya kutosha.

Saa sita jua lilikuwa utosini. Mpwa wangu akatoa tyubu, akaiminya kuanzia mkiani, akapata tone moja la pua na masikio. Mafuta ya watu wenye ualbino yanatengenezwa nchini, Moshi, na ni mazuri. Ugumu ni kuyapata kila mwezi ukiwa mbali na mjini. Watafiti waendelee na shinorini yao, nawaombea heri. Lakini wewe msomaji mwenye jirani mwenye ualbino, muulize leo kama tyubu yake haijaisha.