Barua Isiyo na Sanduku

Fundi alianza kung'oa mabati saa mbili asubuhi. Mimi nilituma pesa saa tatu. Ilipaswa kuwa kinyume chake, najua, lakini nilikuwa nimeshafanya jambo hili mara nyingi bila shida: natoa sarafu kwenye pochi iliyo ndani ya simu yangu, naipeleka kwenye soko la sarafu za kidijitali, naiuza kwa mtu anayeniwekea shilingi kwenye laini. Dakika 20 zinatosha. Kabla fundi hajamaliza vyumba viwili vya mbele, niliwaza, nitakuwa nimeshalipia mabati 42 ya geji 28 na kirikuu iko njiani.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 16 Machi 2024, kumi la kwanza la Ramadhani, Makorora, Tanga. Nyumba ni ya wazazi wangu. Bati la zamani lilikuwa limeliwa na chumvi ya bahari kiasi kwamba ukilala chali mchana unaweza kuhesabu matundu. Baba, mwenye miaka 68, alikaa barazani na tasbihi yake, akitazama paa lake likishushwa kipande kimoja kimoja. Hakuuliza bei. Alikuwa ameniachia kila kitu.

Ilipofika saa tano, nyumba ilikuwa wazi, mawingu yalikuwepo, pesa haikuwepo.

Naomba niieleze pesa yenyewe. Natafsiri maandishi ya video kwa wateja walio nje ya nchi, na mmoja wao hupenda kunilipa kwa XRP kwa sababu gharama ya kutuma ni sehemu ndogo ya senti, na muamala hukamilika ndani ya sekunde tatu hadi tano. Nilikuwa nimekusanya malipo ya miezi mitano, XRP 1,050, ambazo siku ile zilikuwa kama shilingi milioni moja na laki sita. Sikuziacha sokoni. Tangu FTX ilipoanguka Novemba 2022 na wateja wake wakajikuta kwenye foleni ya mahakama ya ufilisi, nilijiapia kwamba sarafu zangu nitazishika mwenyewe, na sokoni nitapita tu kama mtu anavyopita kivukoni.

Pesa isipofika, kitu cha kwanza unachofanya ni kufunga programu na kuifungua upya. Cha pili ni kufanya hivyo tena. Nilizima data, nikawasha. Nilizima simu, nikawasha. Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo: nikachukua namba ya muamala, ule mtungo wa herufi na tarakimu 64, nikaubandika kwenye tovuti inayoonyesha miamala yote ya XRP. Kwenye blokucheni hakuna pazia. Nilimwona mtumaji, ndiye mimi. Nilimwona mpokeaji, anwani inayoanza na r, nikailinganisha na ile niliyopewa na soko, herufi kwa herufi. Ndiyo yenyewe. Kiasi ni kilekile. Hali ya muamala: umefanikiwa. Pesa ilikuwa imefika saa tatu na dakika nne, karibu saa mbili kabla sijaanza kuitafuta.

Nikateremka mpaka kwenye mstari wa tegi. Ulikuwa mtupu.

Kwa anayetumia bitikoini, soko kwa kawaida humpa kila mteja anwani yake. Kwenye XRP mambo ni tofauti. Kila akaunti ililazimika, wakati ule, kuacha XRP 10 zikae mle bila kuguswa, kwa hiyo masoko hayafungui akaunti kwa kila mteja. Wateja wote wanatumia anwani moja, na kila mmoja anapewa namba yake ya kumtambulisha. Hiyo ndiyo tegi. Yangu ina tarakimu tisa na siku zote niliinakili. Jumamosi ile nilinakili anwani, fundi akaita kutoka juu, "Dada, kenchi hii imeoza, njoo uone," nikaenda kuona, nikarudi, nikabonyeza kutuma. Ziko akaunti zilizowekewa masharti ya kukataa malipo yasiyo na tegi, na hapo pesa haiondoki kwako. Hiyo niliyotumia haikuwa hivyo. Ilipokea.

Saa kumi alasiri nilikwenda barazani.

"Baba, pesa ya mabati imekwama."

"Imepotea?"

"Haijapotea. Imefika. Ila hawajui ni ya nani."

Akazungusha punje mbili tatu za tasbihi. "Yaani umeandika jina la posta, hukuandika namba ya sanduku."

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza blokucheni kwa nusu saa. Sikuwa na la kuongeza.

Baba aliingia posta mwaka 1978, mwaka mmoja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, na alikuwepo mwaka 1994 shirika la zamani lilipogawanywa, simu zikaenda upande wake na barua upande wake. Alistaafu mwaka 2016. Sisi tumekua na S.L.P. kiasi kwamba hatuoni ajabu yake. Hakuna mtu aliyewahi kuleta barua mlangoni kwetu. Barua ya mji mzima inafika kwenye jengo moja, na kutoka hapo kinachokutofautisha na jirani yako ni namba ya sanduku.

"Mtu akiandika Tanga bila namba," Baba alisema, "barua inafika Tanga salama salimini. Haijapotea. Imekaa."

"Sasa mlikuwa mnazifanyaje?"

"Zilikuwa na rafu yake. Nasoma jina, naangalia imetoka wapi. Kama ni Muscat, najua ni ya familia zile tatu nne. Kama ni chuo, naulizia nani ana mtoto chuo. Natuma salamu sokoni, msikitini. Nyingine nilizijua kwa mwandiko." Akatazama mbingu pale penye nafasi ya paa. "Nyingine hazikupata mwenyewe. Zinarudi zilikotoka."

Nikafungua mazungumzo na huduma kwa wateja ya soko. Roboti ilinikaribisha kwa furaha, ikanipa makala tano za kusoma. Nilipoandika mara ya nne kwamba nimesahau tegi, ikanipa fomu. Walitaka namba ya muamala, kiasi, saa, picha ya kitambulisho, na video fupi inayonionyesha nikifungua pochi iliyotuma pesa, ili wajue kweli ni mimi. Kungekuwa na ada. Jibu lingekuja ndani ya siku 14 za kazi. Nilihesabu kwa vidole: tungekuwa tumekaribia Idi.

Hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Mwaka 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu hizi hazitambuliki nchini kama fedha halali. Mwaka 2021 Rais Samia aliiambia benki hiyohiyo ianze kujiandaa nazo. Mimi na pesa yangu ya mabati tulikuwa katikati ya matamshi hayo mawili, na katikati hapo hapana dirisha la malalamiko.

Baada ya futari niliandika swali kwenye kundi moja la mtandaoni la watu wanaotumia soko lile. Hazikupita dakika tatu nikapata ujumbe wa faragha. Picha yake ilikuwa nembo ya soko. Alikuwa mpole kuliko roboti. Alinipa pole, akajua tegi ni nini, akasema kesi kama yangu humalizika siku hiyohiyo. Akanipa kiungo. Ukurasa ulikuwa safi, rangi zilezile za soko, na ulikuwa na visanduku 24 vya kujaza maneno ya siri ya pochi yangu, "kuthibitisha umiliki."

Hapa ndipo huwa nasita ninapokisimulia kisa hiki. Nimesoma mara mia kwamba maneno yale hapewi mtu yeyote. Nimewahi kumwandikia binamu yangu ujumbe mrefu kumwonya juu ya jambo hilohilo. Na kwenye pochi ile kulikuwa kumebaki akiba ya ada ya chuo ya mdogo wangu. Lakini juu ya kichwa changu hapakuwa na bati, na mtu alikuwa ameniambia pole. Nilijaza neno la kwanza, la pili, la tatu. Nilikuwa nimefika la tisa Baba alipopita akielekea kutia udhu wa tarawehe.

"Unaandika nini, mama?"

"Mtu wa kule sokoni anataka kuhakikisha pochi ni yangu. Nampa maneno ya kuifungulia."

"Anataka kukutilia pesa au kutoa?"

"Kunitilia."

"Mtu wa posta anatia barua kwa nyuma," Baba alisema. "Ufunguo wa mbele ni wako. Miaka 38 sijamwomba mtu ufunguo."

Akaendelea na safari yake. Nilifunga ukurasa mikono ikitetemeka. Ziko kurasa za aina ile ambazo hunasa neno ulipolichapa tu, hata kabla hujabonyeza kitu, kwa hiyo usiku uleule nilifungua pochi mpya, yenye maneno mapya, nikaihamishia kilichobaki. Nilituma XRP 10 kwanza, nikaziona zimefika, ndipo nikatuma zilizobaki. Yule mpole aliniandikia mara tatu zaidi. Mara ya tatu hakuwa mpole.

Mvua ilikuja usiku wa kuamkia Jumanne, saa nane. Tulikuwa tumefunika vyumba vya mbele kwa turubai la jirani, lile la shughuli. Maji yalijaa katikati likalegea kama tumbo, na Mama akalisukuma kwa mpini wa fagio ili yamwagike nje, huku mimi na fundi, aliyekuja mbio kutoka kwake, tukishika kamba. Mama hakunilaumu. Alisema tu, "Shika hapo," na "Sogea." Ningependelea anilaumu. Daku tulikula uani, chini ya kipande cha bati bovu ambalo fundi alikuwa hajalichukua.

Asubuhi Baba alivaa kanzu na kofia, akaniambia tuongozane dukani. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ni kijana wa rika langu. Baba alimsalimia, akamwuliza habari za mama yake, kisha akamtajia namba ya sanduku la posta la marehemu baba yake, tarakimu zote, bila kusita. Kijana akacheka, akaangalia chini. "Mzee, hiyo namba mimi mwenyewe sikuwa nayo kichwani." Tulipewa mabati 42 kwa ahadi ya kulipa kabla ya Idi. Hakuandika popote mbele yetu.

Walionifundisha sarafu hizi waliniambia uzuri wake ni kwamba humhitaji mtu katikati. Sikudanganywa. Kwa sekunde nne, asubuhi ile, sikumhitaji mtu yeyote. Lakini baada ya hapo nilimhitaji fundi asiyeangalia saa, jirani mwenye turubai, kijana wa dukani, na zaidi ya wote mtu fulani mezani, katika nchi nisiyoijua, aliyepaswa kuichukua fomu yangu, aangalie video yangu, alinganishe namba na namba, na aamue kwamba XRP 1,050 zilizoingia bila jina ni zangu. Angeweza kutofanya. Blokucheni ingeendelea kuonyesha kwamba muamala umefanikiwa.

Alifanya. Jumatano ya wiki iliyofuata, tarehe 27, saa sita mchana, salio lilibadilika. Walikuwa wamekata ada yao. Ujumbe ulikuwa wa mistari miwili, na chini yake jina moja tu la kwanza, sijui kama ni la kweli. Nilienda dukani kulipa, nikarudi nikamwambia Baba.

"Umemshukuru?"

Nilikuwa nimejaribu. Mazungumzo yalikuwa yameshafungwa, ujumbe wangu haukwenda. Nilipomweleza hivyo Baba hakupendezwa, kana kwamba ni mimi niliyefunga.

"Alikuwa na barua nyingi rafuni," alisema. "Akaitoa yako."

Siku hizi nikiwa Tanga na nina pesa ya kupeleka sokoni, natuma kidogo kwanza, nasubiri, ndipo natuma zote. Tegi nimeiandika kwenye karatasi iliyobanwa ukutani chini ya kalenda. Baba huvaa miwani, akasimama mbele yake na kunisomea tarakimu moja moja, taratibu, na hasogei kwenye inayofuata mpaka nimeirudia aliyoisoma.