Mlimani Kahuzi, kwa Gorila

Mwezi wa Agosti 2016 tulifunga safari, walimu wawili na wanafunzi sita wa darasa la mwisho, kwenda kuwatazama gorila wa mlima Kahuzi. Tulitoka Bukavu kungali giza. Jua lilipochomoza tulikuwa tumekwisha fika sokoni Miti, na akina mama wa Kishi walikuwa wakitua mizigo ya makaa na mihogo, kamba bado i katika vipaji vya nyuso zao. Kutoka hapo njia yageuka upande wa magharibi, yapita kati ya mashamba ya chai, kisha msitu waanza ghafula kama ukuta.

Pale Tshivanga walinzi walitupa masharti. Tusimkaribie gorila chini ya mita 7; tufunike pua na kinywa, maana mafua yetu yaweza kuua jamaa nzima ya wanyama hao; wala tusikae nao zaidi ya saa moja. Mwalimu mwenzetu alikuwa na kikohozi kidogo. Alijikaza sana, lakini walinzi walimsikia, naye akabaki nyuma akinywa chai.

Aliyetutangulia alikuwa mzee wa Kitwa, mfupi, mkimya, panga mkononi. Aliusoma msitu kama sisi tusomavyo kitabu: shina la mwanzi lililotafunwa, kinyesi ambacho hakijapoa, malazi ya majani yaliyolaliwa usiku ule. Tulipanda na kuteremka kwa muda wa saa mbili, tukichomwa na upupu. Mara mzee akainua mkono.

Dume alikuwa ameketi, mgongo wake una rangi ya majivu, akichuna maganda ya mti kwa utulivu mkubwa. Dume kama huyo aweza kufikia kilo 200. Hakututazama hata kidogo, kama chifu awaachaye wageni wangoje barazani. Watoto wawili walikuwa wakibingirishana. Mama mmoja alikuwa amempakata mchanga wake. Kisha dume akasimama, akajipiga kifua. Kijana wetu mmoja alitaka kukimbia. Mzee akamshika shati, akamkalisha chini.

Gorila wa namna hii, waitwao wa Grauer, hawapatikani porini ila katika Kongo. Vita vilivyoanza mwaka 1996, pamoja na wachimbaji wa koltani, viliwapunguza mno. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2016 ilikadiria 3,800 tu. Ile ya mwaka 2021 ilikadiria 6,800, kwa kuwa watafiti waliweza kufika mahali pengi zaidi.

Tulipokuwa tukirudi, mwanafunzi mmoja aliuliza, «Mzee, kazi hii ulijifunza wapi?»

«Humu humu. Nilizaliwa nyuma ya kilima kile.»

«Basi leo uko nyumbani!»

Mzee alikata tawi lililoziba njia. «Naingia pamoja nanyi, mwanangu, na jioni natoka pamoja nanyi. Kaburi la baba yangu limo humu, lakini njia ya wageni haipiti pale.»

Hapo tuliona haya, na ni lazima tuungame sababu yake. Miaka mingi tulikuwa tukifundisha darasani kwamba hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, na kwamba iliongezwa sana mwaka 1975. Hayo ni kweli. Ila hatukusema hata neno moja juu ya Watwa waliofukuzwa humo katika miaka ile ile, bila kupewa mashamba. Tangu siku ile somo letu lilibadilika. Mwaka 2018 jamaa kadhaa za Watwa zilirudi msituni kwa nguvu zao; wakapigana na walinzi, watu wakafa pande zote mbili, na miti mingi ikateketezwa kwa makaa. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza kwamba Watwa walidhulumiwa, na kwamba warudishiwe ardhi yao.

Tulipofika Tshivanga vijana walimpa mzee mayai na mkate uliosalia. Alishukuru, akavifunga katika jani. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama tulikuwa na daftari moja la mjukuu wake, aliyekuwa darasa la pili. Tulimpa matatu, na kalamu.