Saa Zisizo na Ziada

Mfasiri huujua uzito wa neno pale linapogoma. Zamani nilipewa kufasiri waraka wa polisi wa nchi ya mbali, unaoeleza jinsi mkuu wa kituo anavyowapanga askari wake: nani ashike zamu ipi, nani alipwe saa za ziada, wangapi watolewe kwenda kusaka dawa za kulevya. Zamu, lindo na doria hazikunisumbua. Lililogoma ni "saa za ziada". Si kwamba Kiswahili hakina. Viwandani watu husema ovataimu na kila mtu akafahamu. Liligoma kwa sababu nilimfikiria askari wa Temeke au Kinondoni, nisione ziada yake inaanzia wapi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humpimia mfanyakazi wa Tanzania Bara saa 45 kwa wiki. Zinazozidi ndizo ziada. Hulipwa mara moja na nusu, wala hazitakiwi kuvuka 50 katika wiki nne. Lakini sheria hiyo hiyo, mwanzoni mwake, inawaweka kando wanajeshi, polisi na askari magereza. Askari polisi huhesabiwa yupo kazini wakati wote anapohitajiwa. Ziada haipatikani pasipo kipimo.

Mtoto wa ndugu yangu ni konstebo katika mojawapo ya vituo vya huko. Nilimuuliza analipwaje anapokesha lindo, kisha asubuhi akaitwa tena. Akacheka. "Ami, ziada ya nini? Kazi yenyewe haina mwisho."

Na kazi hiyo ni nyingi. Sensa ya 2012 iliikuta Kinondoni na watu 1,775,049, na Temeke 1,368,881, kabla Ubungo na Kigamboni hazijamegwa kutoka humo. Askari anayetegemewa vichochoroni Tandale au Mbagala ndiye huyo huyo alindaye benki, apelekaye mahabusu mahakamani, asimamaye juani msafara wa kiongozi upite. Simba na Yanga wakikutana katika uwanja mkubwa ulioko Temeke, mitaa inabaki na wachache. Na saa za askari si za uchovu tu. Agosti 2016, huko Mbande, Mbagala, askari wanne waliuawa kwa risasi walipokuwa wakibadilishana lindo kwenye tawi la benki. Kubadilishana zamu, jambo ambalo kwingine ni kutia saini daftarini na kwenda zako, kwao lilikuwa ndiyo ajali.

Sasa mpe mtu huyu, ambaye hajalala, amri ya kusaka unga. Heroini huja kwa bahari, kwa majahazi, na wenye mali hawakai vichochoroni. Kumfikia mwenye mali kunataka miezi ya subira, askari waliopumzika na wasionunulika. Kumkamata teja kunataka dakika tano. Aliyechoka atachukua nani? Aghalabu atachukua aliye karibu.

Wa karibu huyo pengine ni mgonjwa. Tangu 2011, Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni, na baadaye Mwananyamala na Temeke, wako wanaofika kila siku kunywa dozi yao mbele ya mhudumu. Akilazwa mahabusu usiku mmoja, dozi inampita, na arosto inamrudia. Msako uliokusudiwa kupunguza wateja wa unga unamrudisha mmoja sokoni.

Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyowekwa na sheria ya 2015, ilianza kazi 2017. Februari ya mwaka huo huo, askari kadhaa walisimamishwa kazi kwa tuhuma za kuhusika na biashara hiyo. Sisemi kwamba uchovu unahalalisha rushwa. Wako wengi waliochoka na hawakuuza dhamana yao. Nasema tu kwamba mwenye unga anajua bei ya saa ambayo mwajiri hakuipangia bei.

Unga ukikamatwa, kete huhesabiwa moja moja, hupimwa, hutiwa lakiri, hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Hesabu ikipungua kete moja, kesi hutetereka. Ni utaratibu mwema. Ningependa kuona daftari jingine kando ya hilo, lenye saa alizokesha yule aliyezikamata.