Namba moja na swali la mathe

Wasee, andikeni hii mahali: 2,147,483,647.

Mwaka 2014 video ya Gangnam Style ilifika hapo YouTube, ikabidi wabadilishe kaunta. Ile ya zamani haikuweza kuhesabu zaidi. Si ati mtu aliichagua hiyo namba. Kompyuta huandika kila kitu kwa 0 na 1. Ukiipatia nafasi 32 na moja ikaonyesha kama namba ni chanya au hasi, zinabaki 31. Sasa chukua 2 thelathini na moja, zizidishe zote, toa 1. Umefika. Mashine za zamani zinazohesabu sekunde tangu 1970 kwa njia hiyo hiyo zitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, saa zetu za Nairobi.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni kingine. Hii namba ni tasa: haigawanyiki na kitu isipokuwa 1 na yenyewe. Aliyethibitisha ni Leonhard Euler, 1772, macho yakiwa karibu yameisha kabisa. Mimi nilijaribu na simu, nikachoka mapema sana, na bado ungetakiwa kufika 46,340. Euler hakupitia zote. Alionyesha kwanza kwamba namba tasa yoyote inayoweza kuigawanya, wewe ukiigawanya kwa 248, lazima ibaki 1 au 63. Zingine tupa. Maze, huyo mzee alifanya hesabu ya kupunguza hesabu.

Kutoka hapo akapata namba kamilifu ya tarakimu 19. Kamilifu ni kama 6: vigawanyo vyake, 1, 2 na 3, ukivijumlisha unarudi kwa 6. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow akaandika kwamba pengine hakuna kubwa zaidi itakayowahi kupatikana, kwa sababu vitu hivi havina faida, ni udadisi tu, nani atajisumbua? 1876 Mfaransa Édouard Lucas akapata tasa ya tarakimu 39, na hiyo ikazaa kamilifu kubwa zaidi. Alijisumbua.

Sasa mniskize. Mimi nilitoka kampasi mwaka wa pili, na darasani swali langu lilikuwa lile la Barlow kila siku: hii itanisaidia na nini? Karo ilikuwa ya mathe, ya kuuza mboga. Hakupiga kelele nilipomwambia. Aliuliza tu, "Na hizo video zinakulipa?" Sikuwa na jibu. Bado sina.

Video ya hii namba imetazamwa mara 214. Moja ni yeye. Jana jioni akichambua sukuma akaniuliza, bila hata kuinua kichwa, "Na huyo mzee kipofu, alijuaje hajakosea?"

Nikaenda kutafuta kalamu.